Ramli, Sarufi na Akili: Uaguzi katika Nchi ya Usukuma

Maneno ya Uaguzi

Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi yahusuyo kazi ya kutafuta habari za mambo yaliyofichika, na kila neno lina nasaba yake. Ramli ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mchanga. Mwenye kupiga ramli alitia nukta juu ya mchanga kwa haraka pasipo kuzihesabu, kisha akaziondoa mbili mbili ili ajue kama kila mstari umebakiwa na nukta moja au mbili. Mistari minne ya namna hiyo hutoa maumbo 16, wala hayawezi kuzidi; na kila umbo lina jina lake na maana yake. Elimu hiyo ilisafiri pamoja na vitabu vya Kiarabu mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki na kisiwa cha Madagaska, ambako huitwa sikidi. Msemo wa kupiga bao watokana na kazi hiyo hiyo, kwa kuwa mchanga ulitandazwa juu ya ubao. Falaki nayo ni elimu ya nyota. Na katika zama zetu jina lililosikika kuliko yote katika elimu hiyo nchini Tanzania lilikuwa la Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki dunia mwaka 2011.

Neno kuagua lina nasaba nyingine. Hilo ni neno la Kibantu, na ndugu yake katika Kisukuma ni kulagula. Msomaji asishangae kuona kwamba sauti ya l ipo katika Kisukuma na haipo katika Kiswahili, maana hiyo ni kanuni ya kawaida ya sauti za lugha hizi mbili: Msukuma anayelala usingizi husema kulota, na Mswahili husema kuota. Basi kabla mchanga wa Waarabu haujafika pwani, watu wa bara na watu wa pwani walikuwa na neno moja la uaguzi, na bila shaka walikuwa na kazi yenyewe.

Mwenye kazi hiyo katika Usukuma huitwa nfumu, na wakiwa wengi huitwa bafumu. Wanaisimu huliunganisha neno hilo na mfumu la Wachewa wa Malawi, ambao kwao maana yake ni mtawala. Yaonekana kwamba shina hilo la kale lilimtaja mtu mwenye heshima na uwezo, na kila lugha ikaendelea nalo kwa njia yake. Jambo hili si dogo. Linatukumbusha kwamba mwaguzi, tangu zamani, ni mtu ambaye neno lake lina nguvu.

Makala haya yanakusudia kueleza uaguzi wa Wasukuma, hasa wa pande za Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, penye vijiji kama Lingeka na Gamboshi, ambako Kisukuma kisemwacho ni cha lahaja ya Kinantuzu. Yanakusudia kuupima uaguzi huo kwa mizani ya akili, bila ya kuudharau na bila ya kuuogopa. Gamboshi yenyewe imevumishwa Tanzania nzima kuwa makao makuu ya uchawi, mpaka yasimuliwa kwamba usiku mji wenye taa nyingi huonekana pale, ambao kukipambazuka haupo. Kijiji cha wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe kimepewa sifa hiyo kwa maneno matupu, na wenyeji wake huibeba kila waendapo. Kwa hiyo yafaa kuuliza maneno hayo hufanya kazi gani.

Kuku na Mwaguzi

Bafumu wana njia nyingi, lakini iliyo mashuhuri ni bufumu bwa ngoko, yaani uaguzi wa kuku. Mwenye shida humchukua kuku, aghalabu kifaranga, akamwambukiza mate yake ili habari zake zimwingie ndege yule. Kuku huchinjwa, hupasuliwa, na mwaguzi huzitazama alama zilizomo katika mwili wake: doa, mshipa, rangi ya nyama, uvimbe mdogo chini ya bawa. Kila sehemu ina maana iliyowekwa. Ipo inayosema habari ya masamva, yaani wahenga wa ukoo. Ipo inayosema habari ya maradhi. Ipo inayosema habari ya balogi, yaani wachawi.

Yafaa kuangalia kwamba mgeni haanzi kwa kueleza shida yake kama aelezavyo mgonjwa kwa daktari. Aghalabu hunyamaza, na mwaguzi ndiye apaswaye kuivumbua. Hutaja jambo moja, kisha jingine, na wale waliokuja huitikia. Mwitikio wao wakati mwingine ni mkubwa na wakati mwingine ni mdogo. Mwaguzi mzoefu husikia tofauti hiyo upesi kuliko mtu mwingine ye yote. Katika uganga wa pwani nako limo neno taire, ambalo mganga hulitamka na waliohudhuria hulijibu. Hivyo uaguzi ni mazungumzo ya watu wawili au zaidi, ijapokuwa kwa mtazamaji waonekana kama hotuba ya mtu mmoja.

Tuseme sasa neno la kweli kuhusu kuku. Alama zilizomo katika mwili wake zina sababu zake: chakula, maradhi, umri, na jinsi kisu kilivyopita. Haijapata kuonyeshwa kwa majaribio yaliyo sawa kwamba doa la bawa huhusiana na homa ya mtoto wa jirani. Waaguzi wawili wakipewa kuku mmoja na mgeni mmoja, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake, akili yatutaka tungojee wapatane. Wasipopatana, hapana budi mmoja wao, au wote wawili, wamesema lisilo katika kuku. Mizani hii ni nyepesi, haihitaji chombo cha thamani, na mtu ye yote wa Bariadi aweza kuitumia.

Turufu za Wazungu

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Waafrika peke yao. Huko Ulaya na Marekani, katika miji yenye vyuo vikuu na hospitali kubwa, watu wengi hulipa fedha ili wasomewe karata za taroti. Karata hizo ni 78. Kati yake 56 zimegawanyika katika mafungu manne ya karata 14, na 22 ni picha zilizo peke yake, kama vile Mfalme, Mnara, Mwezi, Mauti na Mpumbavu. Msomaji wa karata huzichanganya, huzipanga mezani, kisha humweleza mgeni maana ya kila picha kwa kadiri ya mahali ilipoangukia.

Historia ya karata hizo ni fundisho kubwa. Zilianza katika Italia ya kaskazini katika karne ya 15, nazo zilikuwa za mchezo tu. Karata za picha ziliitwa trionfi, kwa sababu zilizishinda nyingine. Mwaka 1781 mtaalamu wa Ufaransa, Antoine Court de Gébelin, alitangaza kwamba ni mabaki ya kitabu cha hekima cha Misri ya kale, na hata jina la taroti akalieleza kuwa ni la Kimisri. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale; ufunguo wake ulipatikana mwaka 1822 kwa kazi ya Champollion. Basi nasaba ile ya neno ilikuwa ya kubuni. Miaka michache baada ya tangazo lile, mtu wa Paris aliyejiita Etteilla alitoa kitabu cha kufundisha kuagua kwa karata hizo, na biashara ikaendelea mpaka leo. Aliyeichambua historia hii kwa makini alikuwa Michael Dummett, mwanafalsafa wa lugha wa Oxford, katika kitabu chake cha mwaka 1980.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kutabasamu hapa. Wareno walipokuja pwani yetu walileta karata, na majina yake yamebaki vinywani mwetu. Turufu ni neno la Kireno trunfo, nalo ni ndugu wa trionfi la Kiitalia. Shupaza ni espadas, yaani panga. Kopa ni copas, yaani vikombe. Uru ni ouros, yaani dhahabu. Na pau ni paus, yaani fimbo. Panga, vikombe, sarafu za dhahabu na fimbo ndiyo mafungu manne yale yale ya taroti. Wazee waliokaa barazani Unguja au Mombasa wakicheza karata jioni wanayataja majina ambayo katika chumba cha mwaguzi wa Paris huhesabiwa kuwa siri za ulimwengu. Barazani kopa huleta kicheko na ubishi. Kwa mwaguzi kopa huleta habari za mapenzi. Karata ni ile ile. Kwa hiyo maana haikai ndani ya karata, kama vile maana haikai ndani ya sauti za neno. Maana huwekwa na watu waliokubaliana kuitumia alama hiyo kwa kazi fulani, na wanaweza kukubaliana vinginevyo.

Kwa Nini Ramli Huonekana Kuwa Kweli

Mtu mwenye busara atauliza: ikiwa alama za kuku na karata hazina habari ndani yake, mbona watu wengi, tena wenye akili, hutoka kwa mwaguzi wakisema kwamba ameijua siri yao? Majibu ni matatu.

Jibu la kwanza limo katika maneno yenyewe. Mwaka 1948 mwalimu wa elimu ya nafsi huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maandishi ambayo kila mmoja aliambiwa ni maelezo ya tabia yake mwenyewe. Akawataka wayapime kwa alama kutoka 0 mpaka 5 kwa kadiri ya ukweli wake. Wastani wa alama walizotoa ulizidi 4. Kumbe wote walikuwa wamepewa maandishi yale yale, ambayo mwalimu aliyakusanya katika kitabu cha unajimu. Kuna sentensi ambazo karibu kila mtu huziona kuwa zake. Ukimwambia mtu kwamba ana huzuni asiyoieleza kwa watu, au kwamba yupo katika ukoo asiyefurahia mafanikio yake, ni nani atakayekataa? Sentensi hizo ni kama kanzu pana: humkaa mwembamba, humkaa mnene, na kila mmoja hudhani ameshonewa yeye.

Jibu la pili limo katika hesabu. Tuseme wako waaguzi 1,024, na kila mmoja anaulizwa maswali kumi ambayo jibu lake ni ndiyo au siyo. Hata wakijibu kwa kurusha sarafu, yatarajiwa kwamba mmoja kati yao atapata yote kumi. Huyo mmoja atasifiwa kutoka Bariadi mpaka Mwanza, na watu watapanda basi kumfuata. Wale waliokosa hawatasimuliwa, kwa sababu kukosa si habari. Hivyo sifa ya mwaguzi huweza kuwa kweli kwa maana ya kwamba alipata, na bado isithibitishe kwamba alijua.

Jibu la tatu limo katika jinsi mfumo mzima unavyojilinda. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande wa mpaka wa Sudani na Kongo, alieleza jinsi walivyowanywesha kuku sumu ili wapate jibu la ndiyo au siyo. Jibu likikosa, hawakusema kwamba sumu haijui. Walisema kwamba sumu imeharibika, au mwiko umevunjwa, au mchawi ameingilia kati. Kila kosa lilipata maelezo yaliyotoka ndani ya imani ile ile. Mwandishi huyo hakuwaita wajinga. Alionyesha kwamba walifikiri kwa utaratibu mzuri, lakini ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Wenye taroti nao hufanya vivyo hivyo, na hata baadhi ya wataalamu wa uchumi wenye vyeti vikubwa wanafahamika kwa tabia hiyo.

Faida Isiyokanushika

Akili isiyo na upendeleo haina budi kukiri pia yaliyo mema. Kwanza, mwenda kwa mwaguzi hupata mtu wa kumsikiliza. Hofu iliyokuwa haina umbo hupata jina, na jambo lenye jina laweza kuzungumzwa. Pili, uaguzi huwakutanisha ndugu. Nfumu akisema kwamba masamva hawajaridhika, ukoo hukusanyika, waliogombana huketi pamoja, na chakula huliwa. Homa haitibiwi na chakula hicho, lakini ugomvi wa miaka mitano huweza kutibika.

Tatu, kuna wakati ambapo kuamua kwa nasibu ni bora kuliko kuamua kwa mazoea. Omar Khayyam Moore, katika makala yake ya mwaka 1957, aliwaeleza Wanaskapi wa Labrador, wawindaji ambao walichoma mfupa wa bega la mnyama na kuzifuata nyufa zake ili wajue upande wa kwenda kuwinda. Hoja yake ilikuwa kwamba nyufa hizo hazijui mnyama aliko, lakini huwazuia wawindaji wasirudie njia zile zile ambazo wanyama wamekwisha kuzizoea. Mtu aliyeshindwa kuchagua kati ya mambo mawili yaliyo sawa hujikwamua akipiga ramli, na hujikwamua vile vile akirusha sarafu.

Faida zote tatu zina sharti moja: ramli iwe inamrudisha mwulizaji kwake mwenyewe na kwa watu wake. Mwenye karata za taroti akimwambia mgeni, "Waogopa kuhama," naye mgeni akatafakari kama kweli aogopa, hapana aliyedhulumiwa. Karata imekuwa kioo. Hatari huanza pale kioo kinapogeuzwa kikawa dirisha la kumchungulia jirani.

Sarufi ya Shutuma

Hapa elimu ya lugha ina neno la kusema. Tuzitazame sentensi tatu: mtoto ameugua, mtoto amerogwa, mtoto amerogwa na fulani. Ya kwanza yaeleza hali. Kitenzi chake hakimtaji mtenda wala hakimhitaji. Maradhi yamekuja kama mvua ijavyo. Ya pili imebadilisha jambo kubwa kwa sauti moja ndogo, ile w ya kutendwa. Kitenzi cha kutendwa, hata kikisemwa bila ya mtenda, humwachia mahali pake. Amerogwa ni sentensi yenye kiti kitupu. Anayeisikia hawezi kukaa kimya, lazima aulize, "Na nani?" Na kiti kilichowekwa hutafutiwa wa kukikalia.

Kisukuma nacho, kama lugha nyingine za Kibantu, kina kitenzi cha kutendwa, na tendo la kuloga lina mtenda wake, nogi, ambaye jina lake limetokana na kitenzi hicho hicho. Hivyo mwaguzi akisema neno moja tu la kurogwa, nusu ya kazi ya shutuma imekwisha kufanyika kabla hajamtaja mtu. Mara nyingi hahitaji kumtaja. Husema kwamba ni mwanamke, ni mzee, si mgeni, anakaa karibu. Jina lenyewe hutajwa na mwulizaji, moyoni au kwa sauti, naye hurudi nyumbani akiamini kwamba ameambiwa na kuku.

Kiswahili cha magazeti ya leo kimeupa uaguzi huo jina la haki: ramli chonganishi. Neno hilo lafaa kuchanguliwa. Kuchonga ni kutia ncha. Kiungo cha an huonyesha watu wafanyiane, na kiungo cha ish huonyesha aliyewasababisha. Chonganisha basi ni kuwafanya watu watiane ncha wao kwa wao. Waliolianzisha neno hili hawakuwa na chuo. Walikuwa na macho.

Twaweza kusema kwa ufupi kwamba ramli ya nafsi ya pili, isemayo "wewe", huweza kufariji au kupoteza fedha. Na ramli ya nafsi ya tatu, isemayo "yule", huweza kuua.

Gharama Yake

Hayo si mafumbo. Hesabu za serikali zilizochunguzwa na mtaalamu Simeon Mesaki zaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya matukio yalitokea katika nchi ya Usukuma. Wanawake wazee walishutumiwa kwa dalili ya macho mekundu. Sababu ya macho hayo yajulikana na kila aliyepika kwa miaka arobaini katika jiko lililojaa moshi, penye kuni chache na samadi kavu ya ng'ombe ikatumiwa mahali pake. Kazi ya kuwalisha watoto ndiyo iliyowapa alama ambayo watoto hao, walipokuwa wakubwa, waliisoma kuwa ya kifo.

Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alitoa uchunguzi uliofanywa katika vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu pamoja na Bariadi, Itilima, Maswa na Busega. Alikuta kwamba katika miaka ya mvua mbaya, yaani ukame au mafuriko, mauaji ya walioitwa wachawi yaliongezeka mara mbili, na mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka vivyo hivyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao. Kama uchawi ungekuwa ndio sababu, ingetubidi kusema kwamba wachawi huongeza juhudi mvua inapokosa. Akili yatoa maelezo mepesi zaidi: chakula kikipungua, shida huongezeka, shida ikiongezeka, watu huuliza, na wakiuliza kwa njia ya ramli, kiti kitupu huwekwa, na aliye dhaifu kuliko wote hukalishwa.

Katika miaka ya 2000 balaa jingine liliongezeka katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, la kuwaua na kuwakata viungo watu wenye ualbino kwa kuamini kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku kazi za wapiga ramli kwa sababu hiyo. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu mwaka 1928, wakati wa Waingereza, nayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilitungwa mwaka 2002 ili kutambua na kusimamia waganga wa dawa. Sheria hizi zina kazi yake. Lakini sheria humfunga mtu, haifungi swali. Mzazi aliyefiwa ataendelea kuuliza, na asipojibiwa mchana atatafuta jibu usiku.

Nani, Nini, na Nasibu

Mwaguzi hupendwa kwa sababu hujibu swali ambalo hospitali haijibu. Watoto wawili hulala chumba kimoja. Mmoja hushikwa na malaria, wa pili huamka mzima. Mganga wa hospitali hueleza vizuri jinsi malaria inavyoingia mwilini. Mzazi hasikilizi hilo. Yeye auliza kwa nini huyu na si yule, kwa nini sasa na si mwaka jana. Evans-Pritchard aliona swali hilo hilo kwa Waazande: walijua kwamba mchwa huangusha ghala, lakini waliuliza kwa nini limeanguka wakati watu hawa walipokuwa wameketi chini yake.

Jibu la akili lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kukijaza kile kiti kitupu kwa mtenda wa kweli. Kiswahili kina sentensi iliyo tayari: mtoto ameumwa na mbu. Hicho nacho ni kitenzi cha kutendwa, nacho kina mtenda, na mtenda huyo aweza kuzuiwa kwa chandarua bila ya kumwaga damu ya bibi wa mtu. Mwalimu wa shule na mhudumu wa zahanati wanapofundisha maradhi, wasiishie katika majina. Wamtaje mtenda, wamwonyeshe, waeleze afanyavyo, na wasema hayo kwa lugha ambayo mama aliyekaa mbele yao huiotea ndoto. Swali la "nani?" ligeuzwe kuwa swali la "nini?", na aliyeuliza asiondoke mikono mitupu.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kukubali kwamba mambo mengine hayana mtenda. Mbu alimwuma huyu na hakumwuma yule, na nyuma yake hapana aliyemtuma. Lugha yetu ina neno la jambo hilo, nasibu, tena twalitumia pamoja na bahati tunapotaja mchezo wa kushindania fedha. Twakubali upesi kwamba tikiti ya fulani imeshinda bila ya sababu; ni vigumu kukubali kwamba mtoto wa fulani amekufa bila ya adui. Moyo waona afadhali kuwa na adui kuliko kutokuwa na sababu, kwa kuwa adui aweza kupigwa. Mwenye dini atasema kwamba jambo hilo li katika kudra ya Mungu, na maneno yake nayo hayamweki jirani katika kiti. Asiye na dini atasema ni nasibu tu. Wote wawili wanaweza kuketi pamoja na mfiwa pasipo kumpa panga.

Hayo yakikubaliwa, hakuna haja ya kuwakejeli Wasukuma wala kuwafukuza bafumu wote. Yuko nfumu ajuaye dawa za miti, yuko ajuaye kusikiliza, na yuko ambaye kwa busara yake amepatanisha nyumba nyingi. Apimwe kwa sentensi zake. Akisema, "Mpelekeni mtoto zahanati, kisha mkae na ndugu yenu mpatane," asikizwe hata kama kuku wake hajui kitu. Akisema, "Yuko mtu," aulizwe papo hapo, mbele ya watu, amejuaje. Na mwaguzi wa pili, asiyejua neno la wa kwanza, apewe kuku yule yule aseme aonavyo.

Mzee wa Lingeka au wa Gamboshi anayepikia wajukuu wake kwa moshi ana haki ya kuwa na macho mekundu. Na kila anayesema Kiswahili au Kisukuma, anapofika kwenye kitenzi cha kutendwa, ana wajibu wa kungoja kidogo kabla hajamtafutia mtenda.